Jinsi ya Kulisoma Kanisa la Enzi ya Malkia Victoria, Kuanzia Mnara Hadi Vioo vya Rangi

Mara ya kwanza nilipokwenda kutazama kanisa la Selsley, Uingereza, nilifika saa kumi na moja jioni, mwezi wa Desemba. Jua lilikwishazama, taa za ndani zimewashwa, na madirisha niliyoyafungia safari yalikuwa meusi tii kama masizi ya sufuria. Mzee wa kanisa, bibi mmoja aliyekuwa na funguo mkononi tayari kufunga, alinionea huruma. "Njoo Juni," aliniambia, "na uje jua likiwa linashuka." Nikaenda tena Juni. Kanisa lilikuwa lile lile, ila mimi nililiona kwa mara ya kwanza.

Tangu hapo nimewapeleka ndugu na marafiki wengi kutazama makanisa ya aina hii, na kila mara naona watu wanafanya kosa langu kwa namna nyingine. Wanaingia, wanainua simu, wanapiga picha dirisha kubwa la mbele, wanatoka. Wamelitazama dirisha kama kalenda iliyotundikwa ukutani. Lakini dirisha la vioo vya rangi halikutundikwa. Ni ukuta unaopitisha nuru, na aliyechora jengo alijua nuru hiyo itaangukia wapi. Ukifuata nuru, jengo zima litafunguka.

Selsley ni kijiji kilicho juu ya mlima karibu na mji wa Stroud, Gloucestershire, magharibi mwa Uingereza. Kanisa lake la Watakatifu Wote lilijengwa mwaka 1861 hadi 1862 kwa fedha za Samuel Marling, mwenye viwanda vya nguo za sufu, na msanifu alikuwa George Frederick Bodley. Vioo vilitoka kwa kampuni changa iliyoanzishwa London mwaka 1861, ya msanii William Morris na wenzake. Ni kanisa la parokia. Nitalitumia kama darasa letu, lakini hatua hizi zinafaa kwa kanisa lolote lililojengwa wakati wa Malkia Victoria, yaani kati ya 1837 na 1901.

Hatua ya 1: Chagua saa kabla ya kuchagua siku

Sisi tuliokulia karibu na ikweta tumezoea jua la utosini. Uingereza jua hupita upande wa kusini mwaka mzima, na wakati wa baridi hulala chini kabisa, karibu na mapaa. Maana yake ni kwamba kuta za kanisa hazipati mwanga sawa. Kanisa la kawaida limelala mashariki na magharibi: madhabahu mashariki, mlango mkubwa au dirisha la nyuma magharibi. Dirisha la madhabahu lione asubuhi. Ya kusini yaone mchana. La magharibi lisubiri jioni.

Madirisha ya kaskazini watu huyadharau kwa sababu hayawaki. Mimi huanza nayo. Mwanga wake umetulia, hauumizi jicho, na ndipo utakapoona mistari ya brashi kwenye nyuso za watakatifu. Siku ya mawingu mepesi nayo usiikimbie, kwa sababu mwanga husambaa sawasawa na rangi zote husema kwa sauti moja.

Desemba jua huzama mnamo saa kumi jioni, wakati Juni linafika hata saa tatu usiku. Panga safari kwa hesabu hiyo. Piga simu au tazama tovuti ya parokia ujue kama kanisa liko wazi, maana mengi hufungwa katikati ya wiki. Beba darubini ndogo, tochi, daftari na koti. Koti ni la lazima hata mwezi wa sita, kwa kuwa kuta za mawe hutunza baridi kama mtungi unavyotunza maji.

Hatua ya 2: Lizunguke kwa nje, mzunguko mzima

Usiingie bado. Zunguka pole pole ukijiuliza swali moja: je, kwa kutazama nje tu ninaweza kujua ndani kumepangwaje?

Katika kanisa zuri la enzi hii jibu ni ndiyo. Mwaka 1841 msanifu Augustus Pugin alifundisha kwamba jengo lisiwe na kitu ambacho hakina kazi, na kwamba pambo lipambe kile kinachobeba jengo, si kuja kubandikwa baadaye. Ndiyo maana kila sehemu ina paa lake: ukumbi wa waumini una paa refu, sehemu ya madhabahu ina lake la chini kidogo, ukumbi mdogo wa mlangoni una lake, na chumba cha mapadri mara nyingi kina hata dohani yake. Selsley sehemu ya madhabahu inaishia kwa ukuta wa mviringo, na mnara hauna ncha kama sindano bali paa la migongo miwili, kama paa la nyumba lililopandishwa juu ya ghorofa. Mnara wa namna hiyo unaonekana kutoka mbali bondeni. Marling alilipa, na sidhani kama alitaka usionekane.

Sasa tazama vichwa vya madirisha. Wasanifu wa enzi hii waliiga makanisa ya kale, na hapo ndipo utakapojua bila kuuliza mtu wanaiga ya miaka gani. Kama ni matundu membamba yenye ncha tu, msanifu anaiga miaka ya mwanzo ya 1200. Kama kichwa cha dirisha kinafanana na bamba zito la jiwe lililotobolewa matundu ya duara, anaiga karne hiyo hiyo, mara nyingi kwa jicho la Ufaransa. Kama ni fito nyembamba za mawe zilizopindwa na kusukwa kama ukili, amehamia miaka ya 1300.

Uchaguzi huo haukuwa wa ladha tu. Mwaka 1839 wanafunzi wa Cambridge waliunda Chama cha Camden, wakatoa jarida, wakawa wanayapa makanisa mapya alama kama walimu wakali. Kwao mtindo bora ulikuwa wa kama mwaka 1300. Kufikia miaka ya 1860 vijana kama Bodley walichoshwa na amri hizo, wakataka kuta nzito, sehemu tupu zilizo wazi, na mawe yenye misuli. Selsley ni mtoto wa uasi huo. Ukilinganisha na St Giles la Cheadle, Staffordshire, kanisa la Kikatoliki alilojenga Pugin kati ya 1841 na 1846, utafikiri ni dini mbili. Cheadle hakuna inchi isiyopakwa rangi, na milango yake mikubwa imebeba simba wa dhahabu. Selsley ukuta unapumua.

Mawe nayo yana habari zao. Gloucestershire ni nchi ya mawe ya chokaa yenye rangi ya asali, ndiyo waliyotumia. Ukienda All Saints, Margaret Street, katikati ya London, utakutana na msanifu William Butterfield akijenga kwa matofali mekundu yenye mistari ya matofali meusi, mnara ukipanda karibu mita 69. Jengo lilianza 1850 na kuwekwa wakfu 1859. Wakati ule tofali lilionekana ni la kiwanda na nyumba ya mfanyakazi. Butterfield alilitoa mafichoni, akalivalisha kama kanga.

Kabla ya kuingia, sogea karibu na dirisha moja kwa nje. Halipendezi. Ni giza, wavu wa waya, vyuma, na mikanda myeusi ya risasi. Ikumbuke sura hiyo.

Hatua ya 3: Ingia, halafu usitembee

Tafuta birika la ubatizo. Kwa kawaida liko karibu na mlango, kwa kuwa mtu huingia katika Kanisa kwa ubatizo. Simama hapo na utazame mashariki.

Hesabu ngazi. Sakafu inapanda: ngazi moja au mbili chini ya tao kubwa, nyingine kwenye viti vya kwaya, nyingine tena madhabahuni. Tazama vigae. Sehemu ya waumini huwa vya kawaida, vyekundu na vyeusi, na kadiri unavyokaribia madhabahu vinazidi kupata maua, simba na majani. Vingi vya enzi hii vilitoka viwanda vya Stoke-on-Trent, hasa kwa Minton. Pambo halikutawanywa bila mpango, linapanda pamoja na ngazi.

Tazama pia kilichokosekana. Karne moja kabla yake kanisa la parokia lingekuwa na roshani pande tatu, viti vya familia tajiri vilivyozungushiwa mbao kama vyumba, na mimbari ndefu katikati ya kila kitu. Hayo yote yaliondolewa. Kwaya ikateremshwa kutoka roshani ya nyuma, ikavalishwa kanzu nyeupe na kukalishwa mbele, karibu na madhabahu. Wengi hudhani mpangilio huo ni wa kale sana. Makanisa mengi yetu ya Afrika Mashariki yaliurithi ukiwa mpya kabisa.

Tahadhari moja hapa. Uingereza kuna makanisa mengi ya miaka 600 au 700 ambayo watu wa enzi ya Victoria waliyafanyia ukarabati mkubwa mno: walikwangua lipu hadi mawe yakabaki uchi, wakang'oa viti, wakaweka vigae na vioo vipya. Usiyahesabu kama makanisa ya Victoria, wala usiyahesabu kama ya kale kamili. Jambo hilo lilimkera Morris kiasi kwamba mwaka 1877 alianzisha chama cha kulinda majengo ya kale, na kampuni yake ikaacha kupokea kazi za vioo kwa makanisa ya kale yaliyokuwa yakikarabatiwa. Alikata riziki yake mwenyewe kwa mkono wake.

Hatua ya 4: Dirisha

Hapa usiwe na haraka. Nusu ya muda wako uwe hapa.

Anza ukiwa mbali, ufumbe macho kidogo hadi picha zipotee zibaki rangi tu. Selsley utaona kitu cha ajabu: katikati ya madirisha mengi kuna ukanda wa rangi nzito, na juu na chini yake kuna kioo cheupe chenye michoro hafifu. Ukanda huo unaruka kutoka dirisha hadi dirisha, ukilizunguka jengo kama mshipi kiunoni. Aliyepanga hivyo ni Philip Webb, msanifu wa majengo, si mchoraji wa picha. Kwa kuweka weupe juu na chini alilifanya kanisa lisiwe pango, na bado rangi ikapata nafasi yake. Makanisa mengi ya rika lake yalijaza rangi hadi ukingoni, na leo waumini wanawasha taa saa sita mchana ili wasome vitabu vya nyimbo.

Sasa sogea, chukua darubini, na usitazame uso wa mtakatifu. Tazama mistari myeusi. Hiyo ni mikanda ya risasi inayoshikilia vipande. Fundi aliyeijua kazi yake aliipitisha pale ambapo mkono wa mchoraji ungepitisha mstari: ukingo wa vazi, kidole, upindo wa bawa. Fundi asiyeijua, au wa karne iliyotangulia, alikata kioo vipande vya mraba kama vigae vya bafuni, akapaka picha juu yake kama anapaka turubai, na gridi nyeusi ikakata shingo ya Bwana Yesu. Jaribu hilo kwenye dirisha lolote. Ni kipimo ambacho hakijawahi kunidanganya.

Ili macho yajue yanachotafuta, inafaa kufahamu kazi yenyewe. Mchoraji hutoa mchoro wa ukubwa halisi wa dirisha. Fundi huchagua vioo ambavyo tayari vina rangi ndani yake, kwa sababu rangi iliingizwa kwenye chungu wakati kioo kikiwa bado uji wa moto: kobalti kwa bluu, manganizi kwa zambarau, shaba au chuma kwa kijani. Kisha hukata vipande kwa kufuata mchoro. Nyuso, mikunjo ya nguo na vivuli hupakwa kwa rangi moja tu ya kahawia-nyeusi, unga wa oksidi ya chuma uliochanganywa na kioo kilichosagwa, na kuchomwa kwenye tanuri kwa nyuzi zaidi ya 600 ili uungane na kioo. Halafu vipande hupangwa mezani, risasi hupitishwa katikati, viungo hulehemiwa, na mianya huzibwa kwa uji mzito wa chokaa na mafuta ya kitani. Dirisha likishapandishwa, hufungwa kwa waya wa shaba kwenye fito za chuma.

Kuna rangi mbili zenye siri. Nyekundu ikiwa nzito kioo chote huwa giza, hivyo fundi huchukua kioo cheupe na kukivika ngozi nyembamba ya nyekundu. Akiikwangua ngozi hiyo kwa asidi panatokea nyota nyeupe katikati ya vazi jekundu, bila risasi kuizunguka. Na njano: tafuta malaika mwenye nywele za dhahabu na uso mweupe, uangalie kama kuna mkanda wa risasi kati ya uso na nywele. Mara nyingi hakuna. Ni kipande kimoja. Fundi alipaka chumvi ya fedha upande wa nyuma, na moto ukaigeuza njano iliyozama ndani ya kioo. Ujanja huo ulianza Ulaya mwanzoni mwa miaka ya 1300, na mafundi wa Victoria waliupenda kupita kiasi. Hata nyasi walizipaka.

Mwanzoni mwa karne ya 19 vioo vilikuwa vimekuwa safi mno, vyembamba na sawasawa, nuru ikawa inapita bila kugusa chochote. Mwanasheria mmoja, Charles Winston, alipeleka vipande vya vioo vya kale vipimwe kikemia kuanzia mwaka 1850, na kiwanda cha Powell cha Whitefriars, London, kikaanza kupika vioo vyenye mapovu, mawimbi na unene usio sawa. Ukiona bluu inayotetemeka unaposogeza kichwa, ni matunda ya kazi hiyo.

Ukikuta nyuso zilizofifia hadi kubaki kama mizuka, usilaumu jua. Katika miaka ya 1870 karakana kadhaa, ya Morris ikiwamo, zilitumia rangi yenye boraksi, na unyevu wa miaka ukaila. Ndiyo sababu usiguse kioo kwa kidole hata kidogo. Rangi inayokaribia kubanduka haionekani.

Baada ya hapo ndipo usome hadithi. Madirisha yenye picha nyingi kwa kawaida husomwa kuanzia chini kushoto kwenda juu. Watakatifu watambue kwa walichoshika: Petro funguo, Paulo upanga, Andrea msalaba wenye umbo la X, Katarina gurudumu, Agnes mwana-kondoo, Laurenti kichanja cha chuma alichochomewa. Wainjilisti wanne wana mtu mwenye mabawa, simba, fahali na tai. Chini kabisa utakuta maandishi ya kumbukumbu yenye jina la marehemu na mwaka. Mwaka huo ni wa kifo. Dirisha lenyewe huenda liliwekwa miaka kadhaa baadaye.

Selsley, dirisha la mduara la magharibi ni la Uumbaji. Hilo ndilo nililoambiwa nirudi kulitazama jua likishuka. Kwenye madirisha mengine mchoraji Dante Gabriel Rossetti alichora Mahubiri ya Mlimani, na kwa desturi yake aliwatumia watu aliowajua kama vielelezo: dada yake Christina akawa Maria, Morris akawa Petro, na mfanyabiashara wa picha Gambart akapewa sura ya Yuda. Biashara kati yao haikuwa nzuri, ni wazi.

Kuhusu mtengenezaji, zifuate pembe za chini kwa darubini. Mganda mdogo wa ngano ni wa Charles Eamer Kempe, na ukiwa na mnara mweusi juu yake ni wa karakana yake baada ya kifo chake mwaka 1907. Malaika wa Kempe utawajua hata bila mganda: mabawa ya manyoya ya tausi, mavazi yenye lulu, na kijani-fedha kilichotawala kila kitu. Karakana nyingi hazikuweka alama, hivyo linganisha. Dirisha lenye picha ndani ya miduara, nyekundu na bluu zinazogombana, mara nyingi ni la miaka ya 1840 au 1850. Rangi zikianza kuwa za zeituni, dhahabu iliyofifia na weupe mwingi, uko baada ya 1870.

Hatua ya 5: Picha na daftari

Zima mwako wa kamera. Gusa kwenye skrini sehemu yenye mwanga mkali zaidi ya dirisha ili simu ipime hapo, hata kama ukuta utakuwa mweusi. Omba taa za karibu zizimwe, wengi hukubali. Piga moja ya dirisha zima na ukuta wake, moja ya maandishi, moja ya mkono au uso. Katika daftari andika upande wa dirisha na saa, vinginevyo baada ya wiki hutajua lipi ni lipi. Kama kuna sanduku la sadaka kwa ajili ya paa, tia chochote. Paa likivuja, madirisha hufuata.

Hatua ya 6: Jipime Unguja

Aliye nyumbani hana haja ya viza kuanza mazoezi. Kanisa Kuu la Mkunazini, Mji Mkongwe, lilijengwa miaka ya 1870 na wamisionari wa Kianglikana chini ya Askofu Edward Steere, mahali palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Ni kanisa kuu, si la parokia, lakini ni mtoto wa enzi hiyo hiyo: matao yenye ncha ya Kiingereza juu ya kuta za mawe ya matumbawe, yakisalimiana na nakshi za pwani. Fanya hatua zile zile. Zunguka nje, ingia, simama karibu na birika, tazama mashariki. Kisha angalia nguzo zilizo nyuma ya kanisa, upande wa birika. Husimuliwa kwamba mafundi walizisimamisha askofu akiwa safarini. Tazama kipi kiko juu na kipi kiko chini, halafu linganisha na nguzo nyingine yoyote uliyowahi kuiona.